Nilifunga mipira ya mafuta kwenye ndege ya kuunganisha nyumbani Juba, kisha nikaambiwa kiti cha pili ni changu

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji zaidi, huwa nachangia mara moja moja kwenye nyuzi za jenereta na pampu za maji. Ila juzi nimeona jamaa anajisifu ameunda pikipiki ya matairi manne, watu wamempigia makofi kurasa sita. Nikasema hapana, leo na mimi nitoe ya kwangu.

Ninayosimulia yametokea, nilikuwepo, nimebadilisha majina tu. Atakayeona ni chai, kikombe kipo, anywe taratibu.

Picha sina. Simu ile ilizama kwenye pipa la maji Munuki, na kabla hujauliza, ndiyo, kwenye mchele niliiweka.

Twende.

Mimi ni mtu wa Kagera, jirani kabisa na mpaka wa Mutukula. Juba nilifika miezi michache baada ya wenyewe kupata uhuru wao, nimefuatana na Waganda waliokuwa wanapeleka ndizi na vitunguu. Nikaanza na bodaboda pale Munuki. Nilipoangushwa mara ya tatu, na mbuzi yuleyule, nikaona hii kazi hainitaki. Nikahamia kwenye ufundi wa jenereta, kibanda changu kikawa mtaa wa Hai Malakal.

Mji mzima ulikuwa unaishi kwa jenereta. Ukijua kusafisha kabureta tu, watu wanakuita Muhandis, ndivyo Kiarabu cha Juba kinavyomwita injinia. Mwaka mzima nikaitwa Muhandis mpaka nikaamini.

Siku moja akaja mteja wa umri wa kustaafu, shati limechomekwa, kalamu tatu mfukoni. Huyo ndiye Ustaz Wani. Ustaz kule ni mwalimu. Alikulia ukimbizini Uganda, akafundisha fizikia hukohuko zaidi ya miaka ishirini, uhuru ulipokuja akarudi kwao na mke wake, wakajenga Gudele, pembezoni mwa Juba. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda kabisa.

Akaniuliza, "Muhandis, wewe najua kufunga paipu ya mafuta?"

Nikasema najua.

"Ya gari?" Najua. "Ya boti?" Najua. "Ya ndege?"

Wakuu, mdomo wangu una tatizo, ukishashika kasi hausimami. Nikamwambia ya ndege ndiyo kabisa, nimefanya Entebbe.

Entebbe nimefika mara moja maishani, kumpokea shangazi, na ndege yenyewe ilichelewa nikaondoka bila kuiona.

Nikapanda naye boda hadi Gudele nikidhani ananipima akili. Kumbe mtu ana ndege kweli. Iko kwenye kiwanja chake, chini ya kibanda cha mabati, ubavuni kwa jiko. Ndogo, ya viti viwili, magurudumu mawili mbele na moja dogo mkiani, mabawa juu ya kichwa na yanakunjwa kurudi nyuma kama ya mende. Kuku mmoja alikuwa anaatamia kwenye kiti cha rubani.

Hizi ndege wakuu zinauzwa vipande vipande kwenye masanduku, unaunganisha mwenyewe kwa kufuata kitabu. Mgeni mmoja aliyekuwa anafanya kazi Juba aliianza, akaifikisha nusu, mkataba wake ukaisha, akamwachia Ustaz. Ustaz alikuwa ameshajifunza kurusha kule Uganda, ana kidaftari cha masaa yake kabisa. Alikuwa amemaliza kila kitu isipokuwa njia ya mafuta. Kwa nini hajaifunga mwenyewe? Akasema kila mtu na kazi yake. Nikaona ni mtu mwenye heshima kwa mafundi. Sikujua nimeshaingia kwenye mtego.

(Kuhusu usajili, maana najua kuna watu wa sheria humu: alikwenda kwenye ofisi moja akaomba kusajili ndege ya kutengeneza nyumbani. Nchi ilikuwa changa, fomu hiyo haikuwepo. Wakampa ya chombo cha magurudumu matatu, wakagonga mhuri. Aliitundika ukutani kwenye fremu.)

Kazi yenyewe nikaiangalia nikaona ndogo. Kila bawa lina tenki lake. Mafuta yanashuka yenyewe, yanapita kwenye nguzo za mlango, yanakutana kwenye koki katikati ya viti, yanapita kwenye chujio, yanaingia kwenye injini. Nikajisemea hii ni jenereta yenye tamaa.

Nikafunga kwa nusu siku. Mpira wa plastiki wa kuonyesha ndani, ule wa bodaboda. Sehemu za kuunga nikakaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, fundo langu lile ambalo halijawahi kuniangusha. Palipobaki mpira mrefu sikukata, ni uchoyo wa kifundi tu, nikauzungusha duara moja nikauficha nyuma ya kiti. Kitabu cha maelekezo kilikuwa pale, nilikitumia kukalia.

Nikanawa mikono. Nikapewa chai na mandazi. Mke wa Ustaz, Mama Poni, alikuwa ananiangalia kwa huruma ambayo sikuielewa.

Ustaz akaja, akazunguka ndege polepole, hakugusa kitu. Akasema, "Kweis. Iko vizuri. Hii kiti ya pili iko ya wewe."

Nikashukuru. Nilidhani ananipa kiti cha kukalia.

Mama Poni akaweka birika chini akaniambia, "Muhandis, wewe hajasikia. Siku ile ya kuruka mara ya kwanza, mtu alifunga mafuta anakaa na yeye. Hiyo ni sheria yake, alianza nayo mbele ya hii kuku yake ya chuma kuja."

Nikarudisha andazi kwenye sahani.

Nikamgeukia Ustaz acheke, hakucheka. Akaniuliza tu kwa upole, kama mwalimu anayemuuliza mwanafunzi kama amemaliza mtihani, "Umemaliza, ama iko kitu kidogo imebaki?"

Nikamwambia, Ustaz, kuna kitu kidogo kimebaki.

Nilirudi kwenye ile ndege nikakata mipira yote. Yote. Ule wa duara nyuma ya kiti nilianza nao.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikukimbia. Swali zuri. Kosa ni kwamba nilipoiona tu ile ndege nilikuwa nimeshapiga simu. Stendi nzima ya boda Munuki ilikuwa inajua Muhandis anatengeneza ndege. Nilimpigia na mama yangu, na mama akatangaza kanisani, na kanisa likatoa sadaka ya shukrani. Ukishafika hapo kurudi nyuma ni bora ufe, na mimi nilikuwa nimepata usafiri wa kwenda kufa.

Basi nikaanza kusoma kitabu. Kiingereza changu ni cha kuuzia vitunguu, ila wakuu, hofu ni mwalimu mkali. Wiki mbili nilikuwa najua maneno ambayo hata Ustaz aliyafungulia kamusi. Kitabu kinasema paipu ziwe za aluminiamu, mpira uwe sehemu zinazotikisika tu, na uwe wa kuvumilia petroli. Kinasema njia iteremke mwanzo hadi mwisho, isipande popote, maana hewa itajikusanya pale kwenye mwinuko na mafuta yatakatika. Nilipima mteremko kila hatua kwa mpira wenye maji. Palipokuwa tambarare kwa upana wa kidole nilifumua.

Ncha za paipu zinatanuliwa kama tarumbeta ndogo ili zikae kwenye nati. Ya kwanza nilipasua. Ya pili nikapasua. Ya tisa ilikuwa nzuri, ningeweza kuivaa kama pete. Kila kiungo nilikipaka povu la sabuni, nikajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, nikakaa nakodolea macho kama nasubiri matokeo ya hospitali.

Jenereta za wateja Hai Malakal zilikuwa zinalia kibandani. Mimi niko Gudele napuliza povu.

Halafu kulikuwa na pua ya Mama Poni. Huyu mama alikuwa anaweza kunusa petroli kwenye nguo ya mtu akiwa upande wa pili wa barabara. Nikamwomba kila asubuhi, kabla hajaenda sokoni kuuza nyanya zake, apitishe kichwa ndani ya ndege anuse. Alikuwa anakuja na beseni kichwani, anainama nusu, anavuta pumzi, anatoa hukumu.

"Leo iko safi."

"Leo nanuka. Kidogo, upande ya mume yangu."

Nami nafumua upande wa mume wake. Siku ile ilikuwa ni nati ya koki, haijavuja hata tone la kuonekana. Povu halikuiona, yeye aliiona kwa pua. Mpaka leo nikifunga jenereta ya mtu namkumbuka.

Sasa tufike kwenye kaburi.

Kitabu kinataka upime kama mafuta yanashuka ya kutosha ndege ikiwa imeinua pua, kama inapanda. Kunyanyua pua ya ndege ile tulishindwa. Ustaz akapiga hesabu za fizikia zake, akasema rahisi ni kushusha mkia. Tuchimbe shimo, mkia uingie humo, pua ijiinue yenyewe.

Tukachimba. Kwa sababu ya ule usukani wa mkiani, shimo likawa refu na jembamba, urefu kama wa mtu, kina cha mapaja. Udongo tukaurundika pembeni vizuri.

Wakuu, kule watu wanazika nyumbani, kwenye kiwanja chao. Mimi hilo nilikuwa nalijua. Ustaz ndiye kabisa, ni kwao. Hakuna kati yetu aliyefikiria.

Jirani mmoja mama alichungulia juu ya uzio. Aliona udongo mbichi. Aliona Ustaz amesimama mbele ya shimo, ameinamisha kichwa, kimya. Alikuwa anaangalia saa ya mkononi. Aliona na mimi nimepiga magoti. Nilikuwa nimeshikilia jerikeni chini ya paipu.

Yule mama akapiga yowe moja, ndege wote wa mti wa jirani wakaondoka.

Kipimo kile hakitakiwi kukatishwa. Unafungua, unahesabu sekunde, unapima kilichoshuka. Ukiacha katikati unaanza upya, na petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo watu walianza kuingia getini na mimi sikuweza kuinuka. Ustaz alikuwa anainua mkono juu, maana yake subirini. Wao wakaona ni uchungu.

Okello, jirani Mganda mwenye pickup ya kubebea mkaa, akanichuchumalia akanishika bega. "Pole sana ndugu. Ni nani?"

Nikamjibu, "Mia na nane, mia na tisa, mia na kumi."

Akatikisa kichwa, akawaambia wenzake huyu akili imeshaondoka, mleteeni maji.

Kufumba na kufumbua viti vya plastiki vimepangwa. Turubai limefungwa. Kina mama wameshapokonya jiko, sufuria ziko motoni. Katekista amefika na kitabu cha nyimbo, wameanza ubeti wa kwanza. Mtu mmoja nyuma ya shimo alikuwa anatoa ushauri kwamba ni jembamba mno, marehemu ataumia mabega.

Na hapo ndipo Mama Poni akarudi kutoka sokoni.

Aliona umati nyumbani kwake, akasikia wimbo. Hakuuliza. Alijua tangu siku ile masanduku yalipoingia kwamba kuku ya chuma itamuua mumewe, na sasa imemuua. Beseni lilikwenda huku, nyanya zilikwenda kule, yeye mwenyewe akaenda chini, na kilio chake kiliwafanya hata wale waliokuwa wanajikaza waachie.

Sekunde hiyohiyo Ustaz akatoka chini ya bawa, ameninyang'anya jerikeni, amelowa petroli, anacheka meno yote nje. "Inatosha! Jamani, inatosha! Hata imezidi!"

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Mama Poni aliinuka. Alivua kandambili ya mguu wa kulia. Sitasema mengi, yule ni mwalimu wa watu na anaheshimika, ila alikimbizwa kuzunguka ndege mara mbili na mimi nilikuwa nawaomba wasikanyage paipu.

Chakula kilikuwa kimeshaiva kwa hiyo kililiwa. Katekista akasema kwa kuwa tumeshakusanyika, basi tuombee hiki chombo. Akakiombea. Alipofika kwenye "na hao watakaopanda ndani yake" watu wote walifungua macho wakaniangalia mimi. Kina mama wawili walilia upya.

Siku za kuruka zikakaribia. Ilikuwa imefika Desemba. Mjini maneno yalikuwa mengi, wakubwa wamekosana, watu wananong'ona. Mimi nilikuwa sisikii. Nilikuwa nawaza nati.

Jumamosi moja Okello akaikokota ndege na pickup yake, mabawa yamekunjwa, hadi kwenye kipande cha barabara ya murram iliyonyooka nje ya Gudele. Mpango ulikuwa kukimbia tu chini, kwenda na kurudi, tusikie injini. Kuruka ni Jumatatu.

Nikakaa kiti cha pili.

Ustaz akawasha. Injini ikaitika vizuri mpaka nikasikia raha. Tukakimbia kwenda, tukageuka. Tukakimbia kurudi, tukageuka. Mara ya tatu mkia ukanyanyuka kabisa, nikaona barabara inapita chini haraka, Ustaz anatabasamu. Halafu injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Propela ikasimama mbele yetu kama mkono wa askari wa barabarani.

Ustaz akasema kwa sauti ya darasani, "Kama hii iko Jumatatu, sisi iko juu ya miti saa hii."

Nikashuka. Mafuta yamejaa. Koki iko wazi. Chujio safi. Paipu zangu kavu, nzuri, hazina kosa. Nikapanda kwenye bawa nikafungua kifuniko cha tenki.

Pssss.

Tenki lilivuta hewa kama mtu aliyekuwa amezamishwa. Na chini ya kifuniko, limekaa vizuri, limetanda, kaveera. Mfuko mweusi wa nailoni.

Aliyewahi kuendesha boda hapo ameshacheka. Mvua ikikaribia unaweka nailoni chini ya kifuniko cha tenki ili maji yasiingie. Kila mwendesha boda anafanya. Ila tenki likizibwa hivyo hewa haiingii, mafuta yanashuka mwanzo halafu yanagoma, na boda inakuzimikia njiani. Unafungua, inalia psss, unaendelea na safari. Kwenye boda ni usumbufu. Kule juu hakuna pembeni ya kusimama.

Ijumaa wingu lilikuwa limefunga. Mkono wangu ukaweka kaveera tenki la kulia na la kushoto, mimi mwenyewe sina habari. Miezi mitatu ya kitabu, povu, pua na kaburi, halafu mkono wa boda wa miaka ile ukaja kutuua kwa mfuko wa kubebea sukari.

Ustaz alikuwa amebaki ndani, hajaona. Ningeutia mfukoni nikasema ni hewa kidogo tu. Nilishaukunja, wakuu. Nilishautia.

Kisha nikaona siwezi. Nikautoa, nikashuka nikampa mkononi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamalizia. Nikamwambia, Ustaz, mimi Entebbe nilikwenda kumpokea shangazi. Sijawahi kugusa ndege nyingine ila hii. Nisamehe, tafuta fundi.

Aliugeuza ule mfuko, akaukunja vizuri kama leso.

"Mimi najua toka siku ya kwanza. Wewe ulipofika uliuliza kama hii propela iko na mfuniko ya feni." Nilikuwa nimeuliza kweli. "Mimi nilienda kwa fundi ya ndege wawili. Nawaambia kwanza habari ya kiti, halafu kazi. Wote nakataa. Nikasema huyu wa tatu, kazi kwanza, halafu kiti."

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinichagua na unajua ni muongo?

"Muongo iko wengi. Mimi nilitafuta muongo naogopa kufa."

Okello alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Mimi sikujua nicheke au nikasirike, nikafanya vyote. Ustaz akaniambia kuanzia leo niko huru, Jumatatu ataruka peke yake, mimi nimeshamaliza deni la kiti.

Na hapo, sijui nini kilinipanda, nikamwambia hicho kiti ni changu na Jumatatu nakuja. Nilimaanisha. Okello akairudisha ndege kwa Ustaz, nami nikarudi Munuki nikafua shati jeupe, nikalipiga pasi.

Jumapili jioni milio ya risasi ikaanza.

Hii sehemu nitaipita haraka. Jumatatu hakuna aliyetoka nyumbani. Jumanne vilevile. Alhamisi nikaenda Gudele kwa miguu. Niliyoyaona njiani sitayaandika, siyo ya uzi huu na sina utani nayo.

Nilikuta kiwanja cha Ustaz kimejaa majirani, wengi ni kina mama na watoto wao. Pickup ya Okello iko pale, tenki kavu. Vituo vya mafuta vimefungwa, petroli ya chupa barabarani imeisha. Njia ya Nimule, kwenda Uganda, walisema bado inapitika, ila kwa miguu na watoto wale haiwezekani.

Kila mtu alikuwa anajua wapi kuna petroli. Hakuna aliyethubutu kuitaja. Watu walikuwa wanaangalia kila kitu isipokuwa ile ndege.

Ustaz mwenyewe ndiye aliyechukua jerikeni. Akaniletea na spana yangu. "Muhandis, fungua."

Nikamwambia Ustaz, tuache hata ya kurukia mara moja. Yaani mimi ndiye niliyesema hivyo. Miezi mitatu nimelala nikiomba ile ndege ipate ubovu, isiruke, na siku hiyo nilikuwa nambembeleza.

Akasema, "Fungua yote."

Nikafungua nati ya paipu pale inapoingia kwenye injini. Petroli ikashuka, tenki la kulia, kisha la kushoto, bila kukatika, bila kutetemeka, uzi mmoja kama maji ya bomba la hospitali nzuri. Hakuna tone lililoanguka chini. Mama Poni alisimama kwenye mlango wa ndege, mkono mmoja juu ya bawa, akalipapasa. Siku hiyo hakuiita kuku.

Nililia wakuu. Sina sababu ya kuficha. Nililia na spana mkononi, na haikuwa kwa ajili ya vita peke yake. Ilikuwa ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na sikuwa nimeruka nayo.

Tuliondoka watu ishirini na mmoja kwenye pickup ya mkaa. Nilikaa nyuma juu ya magodoro, Ustaz pembeni yangu, alikataa kukaa mbele akasema wakae wenye watoto wachanga. Tulipopita vilima akaniambia njia hii aliipita akiwa na miaka saba, kwa mguu, ameshika gauni la mama yake, siku nyingi. Akasema, "Ndege ilikuwa ya kuangalia hii barabara. Nilitaka kuona kutoka juu kama ni ndefu vile nakumbuka."

Nikamuuliza, na kutoka chini je?

Akaangalia wale watoto waliolala miguuni kwetu, weusi kwa mkaa. "Leo ni fupi," akasema.

Tulivuka salama wote. Ustaz yuko upande wa Uganda, amerudi kufundisha. Ndege sijui ilikoishia, wengine wanasema mabawa yalionekana yameezekea banda la mbuzi. Mimi niko Kagera, na mpaka leo sijawahi kupanda ndege yoyote.

Nilichojifunza ni hiki. Fundi ukitaka kazi yake iwe nzuri usimpe vitisho wala soda, mkalishe ndani ya kazi yake. Ningekuwa na uwezo, kila anayejenga ghorofa angelala chini kabisa mwezi mzima na familia yake, ndipo tumlipe.

Sasa nyie mafundi wa humu, na najua mko wengi, tuambizane ukweli. Ni kazi gani umemkabidhi mtu, ukanawa mikono, na wewe mwenyewe usingethubutu kuitumia?

Naanza mimi. Yule mama wa Hai Malakal niliyemfungia tenki la maji juu ya mnara wa vyuma mwaka ule wa kwanza: kama uko humu, dada yangu, hamisha kitanda.